Bido ya lita 20 ya mafuta inafanya kilo ngapi?

mama_kadutu
Jambo bandugu. Niko Bukavu, nauzisha mafuta ya ngazi (mawese) na ile nyeupe ya kukaanga. Ku depo nanunua kwa bido ya lita 20, lakini kuna resto moja inataka nibapelekee kwa kilo, banasema mizani yao njo itaamua. Sasa nikiweka bei kama bido ni kilo 20, nitapata ao nitapoteza? Na ngazi na nyeupe hesabu ni moja? Munisaidie mbele ya juma tatu, bananingoja.

kaka_wa_birere
Utapoteza mama, usiseme bei kwanza. Maji njo lita moja inafanya kilo moja, mafuta ni mepesi, ukiyamwaga mu maji yanapanda juu. Ya alizeti ao ya soya, kama hayana moto, lita moja ni karibu gramu 920, basi lita 20 mara 0,92 ni kilo 18,4. Ukihesabu 20, ile kilo moja na nusu na zaidi inatoka mu mfuko yako ku kila bido, na mwezi wa bido mingi hiyo ni pesa ya watoto. Chukua bei uliyonunulia bido gawanya kwa 18,4, hapo unajua kilo moja imekufikia ngapi, kisha njo uongeze pesa ya kubebesha na faida. Kutoka kilo kwenda lita unagawanya: kilo 10 ni karibu lita 10,9.

yaya_sabuni
Kwa nyeupe kaka amesema vizuri. Ngazi njo inasumbua juu asubuhi ya baridi inaganda, inayeyuka yote paka ikifika karibu digri 35. Ikiwa nusu imeganda ukiichota na kopo kunabakia nafasi za hewa ndani, ile lita si lita. Ikiyeyuka ikafika digri 50 uzito wa lita moja unashuka mpaka karibu gramu 890. Moto unapanua mafuta yote, digri 30 ikiongezeka ujazo unapanda karibu asilimia 2, kwa bido ni kama desilita 4. Kwa hiyo depo bakikujazia ingali moto, kesho utaona imeshuka ku shingo ya bido na hakuna mwizi, kilo ni zile zile. Mama kwa ngazi weka 0,91 kama iko ya vuguvugu, utakuwa karibu sana na ukweli.

Na kwa wenye kupika sabuni naomba sana: soda kostiki inapimwa na kilo ya mafuta, hapana lita. Ngazi inakula karibu gramu 140 za soda kwa kilo. Mwenye kuhesabu lita 20 kama kilo 20 anatia kilo 2,8 wakati ilipashwa kuwa kama 2,55, ile robo kilo inabakia mu sabuni na inaunguza mikono ya watu.

papa_mizani
Mama, mbele ya yote pima bido yenyewe. Ipime tupu, andika. Jaza maji mpaka pale depo banajazaka mafuta, pima tena, toa uzito wa bido: kilo za maji zilizobakia njo lita za kweli, juu bido ya manjano ikijaa mpaka mdomo inaweza kupita 20, na ile iliyobonyea inakosa. Kisha ikaushe vizuri kabisa, maji kidogo mu mafuta yataruka ku sufuria.

mama_kadutu
Aksanti sana. Basi nyeupe nagawanya na 18,4, ngazi na 18,2. Resto banapima na bido ndani, nibaambie batoe uzito wake?

papa_mizani
Ndiyo, na muipime tupu mbele yao ku mizani ile ile, kila safari, juu bido hazilingane.

binti_wa_beignet
Mimi nachukua hapo hapo: recette ikisema gramu 300 za mafuta ni mililita ngapi?

kaka_wa_birere
300 gawanya kwa 0,92, karibu 326. Na kijiko cha supu cha mililita 15 ni karibu gramu 14.