Boti ya futi 23 ya matembezi: mashine ya kupachika au ya ndani?

MwanaJambiani: Assalaam alaykum wakuu. Nina boti ya faiba ya futi 23, haina mashine. Ni ya kutembea na watoto na kuvua kwa mshipi, basi. Kuna dizeli ya ndani iliyotumika, na shafti (chuma kinachozungusha propela) na propela yake. Kwa pesa hiyohiyo napata Yamaha Enduro 40, ya kupachika, ya petroli. Hesabu ya mafuta inanivutia kwenye dizeli. Mnasemaje?

Nahodha wa Mkoani: Wa alaykum salaam. Kabla ya mafuta, shekhe, boti utaiweka wapi?

MwanaJambiani: Mbele ya nyumba, kati ya ufukwe na mwamba.

Nahodha wa Mkoani: Basi dizeli iache. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapo yanapwa mpaka watu wanakwenda kwa miguu kwenye mashamba ya mwani. Propela ya mashine ya ndani iko chini ya boti, hainyanyuki. Boti ikipwelewa inailalia. Shafti ikipinda kidogo tu, inatetemesha boti nzima na maji yanaanza kupenya pale inapopita. Ya kupachika unaiinua, boti inakaa mchangani, maji yakijaa unaondoka. Mimi natumia dizeli na naipenda, lakini huku nina kina.

Bi Mwanamaji: Kwa kina nakubali, ila dizeli tusiivunjie heshima. Uzito wake unakaa chini katikati, boti inatulia hata wakati wa upepo wa kusi, na haishiki moto upesi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unazama na kujikusanya chini ya sakafu. Kaka, ukichukua Enduro, galoni zikae penye upepo, na usijaze mafuta watoto wakiwa ndani. Nakuomba sana.

Fundi Malindi: Kagua tezi kwanza, ule ubao wa nyuma inapofungwa mashine ya kupachika. Boti iliyoundwa kwa mashine ya ndani huenda haikuimarishwa pale. Gonga kwa nyundo: sauti ikiwa butu, mbao ya ndani imeoza. Na kila ukirudi kutoka baharini isafishe mashine kwa maji ya bomba. Chumvi ikiganda kwenye njia za kupoozea, itachemka.

MwanaJambiani: Nimegonga. Kulia sauti ni butu. Mbao gani inafaa, fundi?

Fundi Malindi: Plaiwudi ya baharini, si ya dari. Ziba kingo zote kwa resini, na matundu ya bolti usiyasahau, maji huanzia hapo.