Binti anacheza winga, wajomba wamekuja juu

Mama Wawili, Tanga:
Wadau, naombeni ushauri. Binti yangu yupo kidato cha pili, anacheza winga ya kushoto timu ya mtaa. Kakake akienda mazoezini hakuna anayeuliza. Yeye akivaa bukta tu, vikao vinaanza! Jumapili mjomba wake kanipigia simu: "Dada, unaharibu mtoto, nani ataoa mcheza mpira?" Na akirudi saa kumi na mbili kachoka, vyombo vinamsubiri yeye. Nimkataze, au niwapotezee?

Beki Tatu:
Usithubutu kumkataza. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, walikwenda India, Kombe la Dunia chini ya miaka 17. Japani iliwapiga 4-0, wengi tukazima televisheni. Wakainuka, wakaifunga Ufaransa 2-1, sare na Kanada, robo fainali hiyo! Nao walikuwa na wajomba.

Mzee wa Makorora:
Mpira sina neno nao. Swali langu ni giza la njiani, na huyo kocha unamfahamu? Nenda kakae pembeni ya uwanja siku mbili tatu, uone kwa macho yako. Suala la kuolewa waachie wenyewe, hata wasiocheza wapo nyumbani.

Mama Wawili:
Mzee umenichekesha, ila kesho naenda, na kanga yangu ya kukalia. Vyombo leo kaosha kakake. Kavunja glasi mbili, nahisi makusudi. Kesho anaosha tena.