MREJESHO: Ile 58 ya chokaa nimeona ilikotoka

Wakuu, niliuliza kwa nini masi ya moli (gramu za moli moja, yaani fungu moja la kuhesabia chembe) ya chokaa, Ca(OH)₂, napata 58 wakati jibu ni 74. Mkanisema kuhusu mabano, na kweli: ile 2 nilikuwa naipa H peke yake, O naiacha na moja. Sasa Ca 40, O 16, H 1: 40 + 2(16 + 1) = 74, gramu kwa moli.

Jana jioni hapa Kirumba, nikimsubiri mama afunge meza ya dagaa, nikapiga ya chumvi: Na 23, Cl 35.5, jumla 58.5. (Na ni natrium, Kilatini cha sodiamu. Ningejuaje!)

Kinachonitoa jasho bado ni Co na CO. Ya kwanza kobalti, 59. Ya pili kaboni na oksijeni, 28. Leo asubuhi nimezichanganya tena.