Mafundi AC wa Dar, gesi haiishi! Nimejaziwa mara tatu tangu Desemba, hakuna hata mmoja aliyetafuta inakovujia

Wakuu, habari zenu. Nimevumilia miezi minne, leo nimeshindwa. Nina hasira na sitazificha.

Naishi Kigamboni. Nyumba yetu ina AC moja tu, ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupooza), na iko chumbani kwa mama. Mama ana miaka 74 na presha inamsumbua. Joto la Dar kuanzia Desemba hadi Machi mnalijua, saa nane usiku shuka limelowa na feni inapuliza upepo wa moto. Tulijinyima kuinunua ile AC kwa sababu yake.

Desemba ikaacha kupooza. Nikaita fundi, akafunga geji ya kupima presha ya gesi, akaniambia, "Bosi, gesi imeisha." Akajaza, akachukua 70,000, dakika ishirini hazikufika akawa ameondoka. Wiki ya tano bomba likaganda barafu. Usiku ikayeyuka, maji yakashuka ukutani mpaka kwenye godoro la mama, tukamhamishia sebuleni saa tisa usiku. Fundi wa pili akaja: "Bosi, hizi AC za siku hizi gesi yake inaisha upesi." 80,000. Mwezi wa tatu akaja wa tatu, 90,000. Jumla 240,000, na bado sijahesabu umeme wa LUKU. Gesi ikiwa pungufu chumba hakifikii ubaridi uliouweka, kwa hiyo kompresa haipumziki, inakula uniti usiku kucha bure.

Jamani, gesi ya AC hailiwi! Si mafuta ya gari useme utajaza tena Ijumaa. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa: kompresa inaibana, mashine ya nje inatupa joto, inarudi ndani kubeba joto la chumba. Hata miaka kumi inaweza kuwa ile ile. Imepungua? Basi kuna mahali inatoka. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu amekuuzia hewa, na tena hewa ya kwenda kuharibu anga letu sote.

Nimeyajuaje? Jumapili mzee jirani yetu, aliyetengeneza mafriji maisha yake yote, alikuja kumjulia mama hali. Nikamsimulia. Hakutaka geji. Aliomba sponji, maji na sabuni ya vyombo. Akaenda kwenye mashine ya nje, akapaka povu kwenye nati inayoshika bomba jembamba. Tukasubiri. Vipovu vikaanza kuchomoza, kimoja juu ya kingine, kama wali unapoanza kuchemka pembeni mwa sufuria. Akaniambia nichungulie vizuri. Nati imeota ukoko wa kijani, kazi ya chumvi ya bahari hiyo, na imezungukwa na mafuta yaliyoshika vumbi jeusi. Mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi, ndiyo alama yenyewe. Mafundi watatu walipiga magoti mbele ya nati hiyo! Mahali pa kufunga geji ni shubiri moja tu kutoka hapo.

Kisha akaniuliza huyu wa mwisho alikuja na mtungi wa rangi gani. Nikamwambia kijani mpauko. Mzee akanyamaza, akanionyesha lebo ubavuni mwa mashine: R410A, ndiyo aina ya gesi yake. Mtungi wa kijani mpauko kwa kawaida ni wa R22, gesi nyingine kabisa! Hizi gesi hazichanganywi. R410A hufanya kazi kwa presha kubwa kuliko R22 kwa zaidi ya nusu, na hata mafuta ya kompresa zake ni tofauti. Isitoshe R22 ndiyo inayoondolewa duniani chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa sababu inakula ozoni, na mtu anakuja kuimwaga kwangu bila hata kusoma lebo.

Nimempigia huyo fundi mara sita, hapokei. Dukani Kariakoo nako nikaambiwa nitupe hii, nichukue ya BTU 24,000, eti chumba cha mita tatu na nusu kwa nne. Mashine kubwa hivyo itapooza haraka na kuzima kabla haijanyonya unyevu, na unyevu wa pwani ndio unaotutesa.

Kuanzia leo fundi atakayekanyaga kwangu ataanza na povu, aniwekee presha ya naitrojeni nione geji imesimama, yaani hakuna panapovuja, avute hewa yote kwa pampu, ndipo apime gesi kwa mizani kama lebo inavyosema. Asiyetaka aondoke na geji yake.

Sasa wadau, kwa aliyewahi kuchanganyiwa gesi: uliweza kuitoa yote na kubadilisha mafuta, kompresa ikapona? Ulilipa shilingi ngapi? AC nimeizima tangu Jumapili na mama analala sebuleni, mlango wazi.