Sanduku la maoni kiwandani liko tupu: nianzie wapi wafanyakazi waanze kubuni?

Mleta mada: Wakuu, nasimamia uzalishaji kiwanda cha maji ya chupa, watu 64, shifti mbili, theluthi yao vibarua. Bosi anataka ubunifu utoke kwa wafanyakazi wenyewe. Tulileta mkufunzi siku mbili, tukaweka sanduku la maoni na zawadi ya laki tano kwa wazo bora la mwaka. Kilichoingia ni maombi ya posho na karatasi mbili za matusi. Tunakosea wapi?

Mizani: Toa sanduku. Weka ubao pale pale kwenye mashine ya kujazia, safu nne: tatizo, jaribio, mhusika, tarehe ya jibu. Jibu liandikwe ndani ya siku tatu za kazi, hata likiwa "hapana", na sababu yake. Wazo likikaa wiki tatu kimya, aliyeandika haandiki tena, na wenzake wameshaona.

Pia usiombe "mawazo". Ukimwambia mtu toa wazo, atafikiria mshahara, na ana haki. Toa swali lenye namba, mfano plastiki ya kufungia katoni inayotupwa. Wiki ya kwanza msiguse kitu, pimeni tu kilo za taka kila mwisho wa shifti. Kisha timu ya watu 5 hadi 7 (opereta, fundi, mtu wa stoo, kibarua) ikae nusu saa kwa wiki, ndani ya saa za kazi. Baada ya shifti watakuja kusaini tu. Jaribio moja, mashine moja, wiki mbili, na kibadilike kitu kimoja. Mkigusa joto la oveni inayobana plastiki hiyo na kasi ya mkanda kwa pamoja, taka zikipungua hamtajua kipi kimesaidia.

Bwana Stoo: Mimi naona laki tano ndiyo inayoharibu. Zawadi moja kubwa inamfanya mtu afiche wazo lake lisiibiwe, wakati wazo la kiwandani huiva likipita mikono mitatu. Igawe: 10,000 kwa timu kwa kila jaribio lililokamilika, lifaulu lisifaulu, mradi vipimo vimeandikwa. Hayo ni majaribio 50. Toyota wana mfumo wa mapendekezo tangu 1951, na nguvu yake ni wingi wa mambo madogo.

Mama Ubora: Ubao sawa, pesa hapana. Lipa kila jaribio uone fomu zitakavyojazwa! Ila kikwazo halisi hamjakitaja: msimamizi wa shifti. Yeye ndiye anayeulizwa kwa nini katoni zimepungua, kwa hiyo jaribio atalizima kimyakimya. Saa za jaribio ziondolewe kwenye lengo lake, na apewe 50,000 kwa mwezi ya vipuri vidogo bila kutafuta saini.

Mipaka nayo iandikwe. Ozoni na taa za UV (vya kuua vijidudu kwenye maji), vifuniko na vizuizi vya usalama wa mashine havijaribiwi bila mtu wa ubora, na chupa za jaribio haziingii sokoni kabla hajazipitisha. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) si ya kuchezea.

Halafu, kibarua akigundua kwamba katoni zinaweza kupangwa na watu wawili badala ya watatu, yule wa tatu anaenda wapi? Kama jibu ni getini, hutapata wazo la pili. Menejimenti iandike kwamba hakuna atakayepunguzwa kwa sababu ya jaribio, ibandikwe juu ya ubao.

Mleta mada: Nimeelewa. Na shifti ya usiku? Meneja hayupo, ubao atajibu nani?

Mizani: Ongeza dakika 10 kwenye makabidhiano ya asubuhi, yafanyikie mbele ya ubao. Msimamizi wa usiku aupige picha saa 12 na kuirusha kwenye grupu la simu, meneja ajibu kabla ya saa 4. Isipokuwa wazo la kifaa kipya kabisa: hilo lisirushwe kwenye grupu kabla hamjauliza BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni), maana hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, hudai kitu ambacho hakijatangazwa hadharani, na picha za grupu hazina mlango.