Yoko Kanno, Joe Hisaishi au Hiroyuki Sawano: kwenye muziki wa anime unampa nani namba moja?

Mpiga_Besi
Wakuu, heshima kwenu. Kuna rafiki zangu wanataka kuanza kusikiliza muziki wa anime (katuni za Kijapani) wenyewe, bila picha, wameniomba niwatajie mtunzi mmoja tu wa kuanzia. Kwangu ni Yoko Kanno, na ningependa tumpime hapa na wakubwa wenzake, kwa hoja.

Kwanza, hafungiki kwenye mtindo mmoja. Kwa ajili ya mfululizo wa Cowboy Bebop wa 1998 aliunda bendi nzima, Seatbelts, ikapiga jazi, bluzi na roki. Chukueni "Tank!", wimbo wa kufungulia: tarumbeta zinapiga kwa nguvu, zinanyamaza, linabaki besi lile kubwa la kusimama na bongo za mkono, halafu bendi yote inarudi. Toleo refu lina saksafoni ya Masato Honda ambayo naisikiliza mpaka leo kama mpya. Mwaka 2002, kwenye Ghost in the Shell: Stand Alone Complex, mama huyohuyo anamkabidhi Origa, mwimbaji wa Kirusi, "Inner Universe" juu ya midundo ya kompyuta. Ukimwekea mtu nyimbo hizo mbili bila kumtajia jina, atakuapia ni watunzi wawili.

Na mwongozaji wa Cowboy Bebop, Shinichiro Watanabe, amesema Kanno alikuwa akimletea nyimbo ambazo hakumwagiza, na baadhi zikamfanya abuni matukio mapya. Muziki unaitangulia hadithi. Hilo nalipenda sana.

BintiPiano
Kaka, nakubali uhodari wake, ila kwa mtu anayeanza mimi nampeleka kwa Hisaishi moja kwa moja. Hata hilo la muziki kutangulia, yeye alilianza zamani: kwa filamu ya Nausicaä ya 1984 albamu ya kwanza ilitoka kabla ya filamu yenyewe, na ndiyo ilimfanya mwongozaji Hayao Miyazaki aendelee naye mpaka The Boy and the Heron ya 2023.

Nipeni dakika chache za Spirited Away, filamu nyingine ya Miyazaki, pale binti Chihiro yuko ndani ya treni inayopita juu ya maji. Hakuna anayeongea. Piano inatoa noti chache, inaacha nafasi, inaongeza nyingine. Hisaishi anajua pa kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mtu mwenye okestra nzima mbele yake.

Kaka_Titan
Wakuu, Sawano hamjamgusa kabisa! Mfululizo wa Attack on Titan (2013) bila yeye ni nusu. Anaanza na piano au fidla taratibu, unadhani ni wimbo wa huzuni, mara ngoma na gitaa la umeme vinaingia na kwaya juu yake. "YouSeeBIGGIRL" kwenye msimu wa pili, wale wanaojua tukio wanajua, sitaharibu utamu kwa wengine. Kwa mazoezi na kwa safari ndefu hana mpinzani.

Mwl_Kwaya
Habari zenu. Mimi nafundisha kwaya, kwa hiyo masikio yangu yanakwenda kwenye sauti za watu, na hapo mtanisamehe wote, namleta Kenji Kawai. Filamu ya Ghost in the Shell ya 1995, ile ya kabla ya mfululizo aliousema mwenye mada. Kawai alivutiwa na kwaya za Bulgaria, lakini akawachukua akina mama waimbaji wa nyimbo za asili za Kijapani, akawapa maneno ya Kijapani cha kale ya wimbo wa harusi.

Sisi tumezoea sauti ya pili ikae mbali kidogo na ya kwanza ili zipendeze. Pale zinabanana, noti na jirani yake, zinakwaruzana, na waimbaji hawatetemeshi sauti hata kidogo. Chini kuna ngoma kubwa na kengele. Wimbo unarudi mara tatu katika filamu, na kila ukirudi una uzito mwingine kwa sababu umeshajua mengi zaidi.

Mpiga_Besi
Mwalimu, shikamoo, na hoja yako nimeipokea. Huyo nitawapa wakishazoea. BintiPiano, kuhusu kunyamaza, tafuta Kids on the Slope ya 2012, Kanno na Watanabe tena. Hadithi ni ya vijana wa Sasebo mwaka 1966 wanaopiga jazi chini ya duka la muziki. Waliwarekodi Takashi Matsunaga kwenye piano na Shun Ishiwaka kwenye ngoma, wakawapiga picha za video, wachoraji wakafuata mikono yao. Sehemu ya saba, kwenye tamasha la shule, piano inaanza peke yake, yule wa ngoma anaingia polepole, na kila kidole kinachoonekana ndicho kinachosikika. Sijaona popote pengine muziki na mchoro vikiheshimiana namna ile.

Sawano ni hodari, Kaka_Titan, lakini nikisikiliza nyimbo kumi zake mfululizo najua mapema lini ngoma zitaingia.

Kaka_Titan
Kujua haizuii kusisimka, mkuu. Mimi nasubiri hizo ngoma.

BintiPiano
Hiyo sehemu ya saba naitafuta leo. Rafiki zako wasikilize nini kwanza sasa?

Mpiga_Besi
Anayependa dansi na jazi, albamu ya kwanza ya Cowboy Bebop yote, kwa mpangilio wake. Yule wa kwaya nampa "Green Bird" ya Kanno, na asisome chochote kabla ya kuisikiliza.