Odysseus kakosa nini? Hadithi za Wagiriki zinaandikwa upya au zinaharibiwa?

Msomaji wa Usiku:
Wadau, habari za jioni. Juzi nimemaliza Circe ya Madeline Miller, ile ya 2018, na kabla yake nilisoma The Penelopiad ya Margaret Atwood (2005), zote riwaya zinazosimulia upya hadithi za kale za Wagiriki. Sikatai, akina mama hawa kalamu wanaijua. Ila nina swali. Mtu anapata wapi haki ya kuchukua hadithi iliyokaa zaidi ya miaka 2,500 akaipindua juu chini? Odysseus niliyemjua mimi, yule wa Odisei, utenzi wa Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, ni mjanja, mvumilivu, aliyelishinda jitu la jicho moja kwa akili na mvinyo. Humu ndani ni mwongo, muuaji, mzee anayeogopwa hata na mwanawe. Achilles, shujaa mwenzake wa vita vya Troya, naye hivyo hivyo, mfalme wao Agamemnon ndiyo usiseme. Kila shujaa kapandishwa kizimbani. Mwandishi akitaka hadithi ya mwanamke aliyeonewa, si atunge yake?

Tena mwanamke wa mfano mbona Wagiriki wanaye? Penelope, mke wa Odysseus, kamsubiri mumewe miaka 20. Wa kwetu siku hizi zima simu saa mbili tu, ukiwasha unakuta kishapata mtu.

Nawasilisha.

BintiKisiwani:
Uliandika vizuri mpaka ulipofika kwenye simu. Haya, tupige hesabu. Miaka 20: kumi ya vita vya Troya, kumi ya kurudi. Katika hiyo kumi ya kurudi, mmoja yuko kwa Circe, yule mchawi wa kisiwani, saba yuko kwa Calypso, mungu-mke wa kisiwa kingine. Yaani minane kati ya kumi mheshimiwa kalala kwa watu. Huyo ndiye mvumilivu? Wakati huohuo Penelope ana wanaume 108 sebuleni wanaomposa, wanachinja mifugo ya nyumba na kumaliza divai, na hakuna hata mmoja aliyepanda ngazi. Wanawake wa kwetu waache kama walivyo.

Kaka Mkubwa 77:
Dada, punguza jazba, soma kwanza. Calypso ALIMSHIKILIA. Hana chombo, hana mabaharia, wote wamekufa maji. Mchana kutwa amekaa ufukweni anatazama bahari na kulia. Imeandikwa. Mateka unamhesabia zinaa?

BintiKisiwani:
Mchana analia. Usiku je?

Mwl. wa Jioni:
Naomba niingie maana hapa kuna jambo la lugha. Ni kitabu cha tano cha Odisei. Kaka yuko sahihi: imeandikwa kwamba usiku alilala kwa yule mungu-mke, yeye hataki, mwenyeji anataka. Lakini mstari ulio juu yake unasema analia kwa sababu yule mwanamke alikuwa hampendezi TENA. Neno la Kigiriki lililopo pale ni hilo, "si tena". Kuna siku alimpendeza.

Kaka Mkubwa 77:
Mwalimu, mtu unamtia hatiani kwa "tena"?

BintiKisiwani:
Kuna ndoa zimevunjika kwa neno dogo kuliko hilo.

Chai ya Rangi:
Nirudi kwenye swali la mleta mada. Anauliza nani kawapa haki. Jibu ni kwamba Wagiriki wenyewe hawakuwahi kuwa na toleo moja la kulinda. Mshairi Stesichorus alimsema vibaya Helen, yule mwanamke aliyegombaniwa mpaka vita vya Troya vikazuka, ikasimuliwa kwamba akapofuka, akatunga upya kuwa Helen hakuwahi kufika Troya, macho yakarudi. Mtunzi wa tamthilia Euripides mwaka 412 KK akaleta jukwaani Helen aliyekaa Misri muda wote wa vita. Kilichokwenda Troya ni kivuli, watu wakauana miaka kumi kwa ajili ya hewa. Huyohuyo mwaka 431 KK aliingiza mashindanoni tamthilia yake ya Medea akashika nafasi ya mwisho kati ya watatu. Kisigino cha Achilles ambacho kila mtu anakijua, ukitafute kwa Homer hukioni. Hadithi ya kuchovywa mto Styx, mto wa kuzimu, ili mwili usidhurike ila kisigino, tunaipata kwa Statius, Mrumi, karne ya kwanza baada ya Kristo. Farasi wa mbao aliyewaingiza Wagiriki Troya naye hayumo kwenye Iliadi, utenzi mwingine wa Homer, ile inaishia kwenye mazishi ya Hector, shujaa wa Troya. Sasa kama wao waligeuza kila kizazi, Miller kavunja sheria ipi?

Mama Wawili:
Na kwa Circe je, alishikiliwa pia? Maana pale naona Kaka Mkubwa kanyamaza.

Kaka Mkubwa 77:
Circe ni mchawi. Kawageuza watu nguruwe. Ulitaka amkatalie awe kitoweo?

Mama Wawili:
Uchawi haukumshika, kaka. Mungu Hermes alishampa dawa njiani, ule mmea wa mzizi mweusi na ua jeupe kama maziwa. Alikwenda kwa Circe akiwa na kinga mwilini na upanga mkononi. Nguruwe wakarudishwa kuwa watu siku ileile. Halafu wakakaa MWAKA, wanakula nyama na kunywa. Unajua nani alisema jamani twendeni nyumbani? Mabaharia. Wao ndio walimwita pembeni wakamwambia bwana, kumbuka kwenu. Mateka gani anakumbushwa na wenzake kwamba ana mke?

Ndimu Kavu:
😂😂 Hapo kwa kuitwa pembeni. Kila mtaa una jamaa wa namna hiyo.

Kaka Mkubwa 77:
Wanawake mmejazana kwenye uzi, mnashangilia. BintiKisiwani inaonekana uliachwa wewe, sema tu tukupe pole.

BintiKisiwani:
Nina miaka 11 ya ndoa. Mume wangu ni baharia wa meli za mizigo, kwa mwaka namwona miezi mitatu. Kwa hiyo Odisei mimi nimeisoma nikiwa upande wa sanda, ile aliyokuwa anafuma Penelope mchana na kuifumua usiku kwa miaka mitatu ili waposaji wangoje. Wewe umeisoma upande wa jahazi. Nikisema kusubiri ni kazi, naisema kazi yangu. Wewe ulishawahi kumsubiri nani, kaka? Daladala?

Kaka Mkubwa 77:
Basi tumwombee shemeji asipite kwa Circe.

BintiKisiwani:
Akipita, nitataka aniambie mwenyewe, asinitungie wimbo wa mistari elfu kumi na mbili.

Msomaji wa Usiku:
Jamani. Mimi niliuliza vitabu. Ule mfano wa simu ulikuwa utani.

Mama Wawili:
Utani una mwenye kuchekeshwa na mwenye kuchekwa. Tuambie sisi tulikuwa akina nani pale.

Msomaji wa Usiku:
Sawa, naufuta. Dada Binti, samahani. Lakini hoja yangu haijajibiwa.

Chai ya Rangi:
Nimeijibu hapo juu.

Msomaji wa Usiku:
Hoja yangu ni hii: kugeuza kisa ni jambo moja, kumchafua mtu ni jambo jingine. Mfano Atwood kachukua wale wajakazi 12 wa nyumba ya Odysseus walionyongwa aliporudi akawapa kwaya nzima, wanamwimbia Odysseus kama mashahidi wa upande wa mashtaka. Kwa Homer ni tukio la mistari michache tu, mtu kasafisha nyumba yake, yameisha.

Mwl. wa Jioni:
"Kasafisha nyumba yake." Mkuu, isome tena kitabu cha 22. Kwanza wanalazimishwa kubeba maiti za waposaji na kuosha damu kwenye meza. Kisha baba anaamuru wauawe kwa upanga, mtoto Telemachus anasema hapana, hawa hawastahili kifo safi, anafunga kamba ya meli uani na kuwatundika kwa safu kama njiwa walionasa mtegoni. Homer anaongeza kwamba miguu ilitapatapa kidogo, si kwa muda mrefu. Mistari ni michache, nakubali. Lakini mtu aliyeiweka ile miguu mle ndani alitaka tuitazame. Atwood hajaleta maiti mpya.

Kaka Mkubwa 77:
Walilala na maadui wa bwana wao. Tena kitabu cha 20 wanatoka usiku kwenda kwa waposaji huku wanacheka. WANACHEKA. Odysseus yuko kalala ukumbini anawasikia. Ungekuwa wewe?

Mama Wawili:
Walikuwa watumwa. Mtumwa anacheka hata asipofurahi. Na soma maneno ya Odysseus mwenyewe anapojifunua mbele ya waposaji: anawashtaki kwamba wamelala na wajakazi wake KWA NGUVU. Kinywa chake hicho. Hawajakauka damu waliowalazimisha, anaagiza waliolazimishwa wauawe. Sasa aliyemchafua ni Atwood au ni Homer?

Ndimu Kavu:
Kaka Mkubwa, hapo kunywa maji.

Kaka Mkubwa 77:
Nguvu alizosema ni kwamba walitumia mali yake bila ruhusa. Zama zile ndivyo ilivyokuwa. Hamuwezi kupima watu wa kale kwa rula ya leo.

Mwl. wa Jioni:
Kuhusu rula ya leo, kuna kichekesho. Kuna tafsiri za Kiingereza za karne iliyopita zilizotia mdomoni mwa Telemachus matusi ya kuwaita wale wasichana makahaba. Kigiriki hakina tusi pale, kina kijineno tu cha kuonyesha kwamba wanaotajwa ni wanawake. Emily Wilson alipotoa tafsiri yake mwaka 2017 ndipo wengi wakashtuka kuona tusi halipo, wakadhani yeye ndiye kalifuta. Kiswahili kingetuepusha na ugomvi huo wote: tungesema "wale", tukapita.

Sheikh Kitabu:
Mimi naona Wazungu wanatafuta pesa tu. Hadithi haina mwenyewe, haina hakimiliki, jalada la dhahabu, wanauza. Kesho Medusa, keshokutwa mbwa wa Hades.

Ndimu Kavu:
Medusa tayari, sheikh. Natalie Haynes, 2022.

Sheikh Kitabu:
Si nilisema.

Msomaji wa Usiku:
Haya, na mwisho wa Circe je? Odysseus anakufa kwa kuchomwa na mwiba wa samaki. Mwiba wa taa, jamani, anaoubeba mtoto aliyezaa na Circe. Mtu kapita Troya, kapita jitu, kapita Skila, lile dude la baharini, anauawa na kitoweo. Hapo utaniambia si dharau ya makusudi?

Chai ya Rangi:
Hiyo hakuitunga Miller. Kulikuwa na utenzi wa kale uitwao Telegonia, wa Eugammon wa Cyrene, mji uliokuwa karibu na pwani ya Libya. Utenzi wenyewe umepotea, umebaki muhtasari. Telegonus, mtoto wa Circe, anakuja kumtafuta babake, anatua Ithaca, kisiwa cha Odysseus, bila kuijua, anapora, mzee anatoka kulinda mifugo, kijana anamuua. Ndipo anagundua kamuua nani. Mkuki wa ncha ya mwiba wa taa ni wa kale vilevile. Na mwishowe Telegonus akamwoa Penelope, Telemachus akamwoa Circe.

BintiKisiwani:
Subiri. Kila mtoto kamwoa mama wa mwenzake?

Chai ya Rangi:
Ndiyo.

BintiKisiwani:
Na anayelaumiwa kwa kuharibu hadithi ni mwandishi wa 2018.

Pweza Mkavu:
Mimi ni msomaji wa kimya lakini hapa nimeguswa. Huyu kauawa na mwanawe kwa ncha ya samaki. Fumo Liyongo kauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Wote wawili majemadari, wote wawili silaha zote za watu wazima zilishindwa kuwaua. Babu alikuwa akifika hapo pa sindano anateremsha sauti. Muhammad Kijumwa alipouandika Utenzi wa Liyongo mwaka 1913 hadithi ilikuwa ya zamani sana tayari, na hakuna aliyemwambia kaharibu. Sindano si dharau. Shujaa hapatikani kwa upanga, ndiyo maana anatafutiwa kitu kidogo na mtu wa ndani.

Mama Wawili:
Hii ndiyo posti ya maana kuliko zote humu.

Kaka Mkubwa 77:
Liyongo hakuwa na Calypso.

Pweza Mkavu:
Sijataja wanawake, kaka. Nazungumzia taa. Na niseme kitu kimoja kama mtu wa Pangani: anayeona kufa kwa mwiba wa taa ni jambo la kuchekesha hajawahi kuchomwa. Mimi nilimkanyaga maji ya magotini, ukanipata juu ya kifundo. Mwiba wake una meno yanayorudi nyuma, ukiingia hauchomoki kwa heri. Wazee walinitia mguu kwenye maji ya moto ninayoweza kuvumilia, nikakaa hapo mpaka jioni naita watu wasiokuwepo. Hao Wagiriki walikuwa wavuvi, walijua wanachosema.

Mwl. wa Jioni:
Mzee Pweza, umenikumbusha kitu. Katika Odisei, Odysseus anashuka kuzimu, na Tiresias, yule mtabiri kipofu, anamwambia kifo chake kitakuwa "kutoka baharini". Kwa Kigiriki maneno hayo yanaweza kusomwa kwamba kitamjia kutoka baharini, au kwamba kitamkuta mbali na bahari, nchi kavu, uzeeni, watu wake wakiwa wamestarehe kumzunguka. Waliotunga habari ya mwiba wa taa huenda walishika maana ya kwanza. Hadithi ikapata mwisho mwingine kwa kusoma maneno yaleyale.

Chai ya Rangi:
Ndicho nilichokuwa nasema tangu asubuhi.

Msomaji wa Usiku:
Mwalimu, hapo umenipata kidogo. Lakini Tiresias hakusema pia kwamba kitakuwa kifo cha aina gani?

Mwl. wa Jioni:
Alisema. Kifo cha upole sana.

Pweza Mkavu:
Kwa mwiba wa taa? Huyo kipofu hakuwa mtu wa pwani.